Maswali ya Wasomaji: Je, Anayeruka Juu Amekosa Sanaa?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam kutoka Moshi. Mimi ni fundi cherehani, na jioni kazi ikipungua hutazama kwenye simu mashindano ya kuteleza kwenye barafu, ya sasa na ya zamani. Wanaonivutia ni wale warukaji hodari: Midori Ito wa Japani, Surya Bonaly wa Ufaransa, na siku hizi Ilia Malinin wa Marekani. Mdogo wangu, ambaye tunatazama pamoja, hunicheka. Husema kwamba ninachokipenda ni sarakasi tu, na kwamba uzuri wa mchezo huu uko katika mikono, shingo na muziki. Juzi tulibishana tena, kwa sababu mchezaji aliyeanguka wakati akiruka alipata alama nyingi kwa mruko huo kuliko mwenzake aliyetua vizuri. Yeye alisema huo ni upendeleo, nami nilishindwa kumjibu. Je, nimekosea kumpenda mchezaji kwa nguvu na ufundi wake? Na huyo aliyeanguka alizipataje alama hizo?
Fundi Cherehani, Majengo, Moshi

JIBU: Dada fundi, salaam zako zimefika. Nianze na ugomvi wa alama, kwa kuwa huo unaweza kuumaliza kwa kalamu na karatasi leo hii.

Kila mruko una thamani yake, iliyopangwa kabla mchezaji hajakanyaga barafu. Katika jedwali la misimu hii ya karibuni, mruko uitwao Axel, ambao nitaueleza mbele kidogo, ukiwa wa mizunguko miwili una alama 3.30, wa mitatu alama 8.00, na wa minne alama 12.50. Waamuzi huongeza au hupunguza kulingana na ubora, kuanzia -5 hadi +5, na kila hatua ni sehemu ya kumi ya thamani ya mruko wenyewe. Anayeanguka hupewa -5, yaani hupoteza nusu ya thamani, kisha hukatwa alama 1 nyingine kwa kule kuanguka. Basi aliyekamilisha mruko wa Axel wa mizunguko minne hewani kisha akaanguka hubaki na alama 5.25, ilhali aliyeruka Axel ya mizunguko miwili kwa ustadi usio na dosari hata chembe hawezi kuvuka 4.95. Hapo hakuna upendeleo. Ni hesabu tu. Hata hivyo, mwambie mdogo wako asinyong'onyee, maana hesabu hiyohiyo humtetea yeye mahali pengine: mruko wenye thamani ndogo kuliko yote ya mizunguko minne una alama 9.50, na anayeuanguka hubaki na 3.75, wakati mwenzake aliyeutua salama mruko wa aina hiyohiyo kwa mizunguko mitatu hupata 4.20 bila hata kuongezewa. Tena nazungumzia mruko mmoja mmoja. Muziki, mpangilio na namna ya kuteleza vina alama zake za pembeni.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, ambalo naliona zito kuliko la alama. Wewe ni fundi. Mteja anapochukua gauni hutazama kitambaa na rangi; fundi mwenzako huligeuza akatazama mshono wa ndani. Hakuna anayemwambia huyo wa pili kwamba hajui uzuri wa nguo. Ufundi wa mrukaji ndio mshono wa ndani wa mchezo huu, na mtu aliyejifunza kuuona hapungukiwi na kitu mbele ya anayetazama mikono na shingo. Huku kwetu Arusha, morani anaporuka wima, mwili umenyooka, visigino havigusi chini, akawapita wenzake wote kwa kimo, sijapata kusikia mtu akilalamika kwamba ameitoa ngoma katika sanaa akaitia katika michezo. Kule kuruka ndiko ngoma yenyewe.

Tazama kinachotendeka katika mruko wa Axel, ambao unabeba jina la Axel Paulsen wa Norwei, aliyeuruka Vienna mwaka 1882. Miruko mingine yote mikubwa huanza mchezaji akienda kinyumenyume. Huu peke yake huanza akitazama mbele, na kwa kuwa kutua ni kinyumenyume siku zote, kila Axel hudai nusu mzunguko wa ziada. Kwa hiyo ile inayoitwa ya mizunguko minne, kwa kweli ni minne na nusu, na yote hufanyika kwa muda usiofika sekunde moja. Anaporuka, mchezaji hufungua mikono na mguu huru, ule usiokanyaga barafu, ili kuuanzisha mzunguko, kisha huvikusanya vyote karibu na kifua na kiuno, na mwili uliokusanyika huzunguka kasi kuliko mwili uliotawanyika. Ukitaka kuhakikisha, nenda kwa kinyozi mwenye kiti cha kuzunguka asubuhi kabla wateja hawajaanza kufika, kaa umenyoosha mikono, mwambie akuzungushe, kisha ikunje mikono ghafla. Utaielewa fizikia kuliko nilivyoielewa mimi darasani.

Ila kujikusanya si mwisho wa kazi. Anapotaka kutua lazima ajifungue tena, kwa kipimo na kwa wakati, ili mzunguko upungue na bapa la chuma lililo chini ya kiatu liikute barafu likiwa limeelekea kinyumenyume, juu ya ukingo wake wa nje, mguu mmoja, goti limelegea kupokea uzito uliozidishwa mara kadhaa na mwanguko. Akichelewa kidogo tu kujifungua, mzunguko humpitiliza. Akiwahi, hutua kabla haujatimia na waamuzi wakaliona hilo kwenye marudio ya video. Ndiyo maana hatua moja ya mizunguko imechukua umri wa mtu mzima. Dick Button wa Marekani alitua Axel ya mizunguko miwili katika Olimpiki ya mwaka 1948. Vern Taylor wa Kanada aliitua ya mitatu katika mashindano ya dunia mwaka 1978. Ya minne ilisubiri miaka 44 mingine. Yuzuru Hanyu wa Japani, bingwa wa Olimpiki wa 2014 na 2018, aliijaribu katika Olimpiki ya Beijing mwezi Februari 2022 akaanguka, akamaliza wa nne. Mwezi Septemba mwaka huohuo, huko Lake Placid nchini Marekani, Malinin akaitua akiwa na umri wa miaka 17.

Kuhusu wale wanawake wawili uliowataja, nina jambo la kuungama. Kwa muda mrefu nami niliirudia bila kufikiri ile kauli kwamba Ito na Bonaly walikuwa warukaji tu. Nilipokaa nikawatazama upya, niliona kwamba neno hilo "tu" lilikuwa limebeba mengi yasiyohusiana na barafu.

Ito, mwenye kimo cha kama mita 1.45, alikuwa mwanamke wa kwanza kutua Axel ya mizunguko mitatu katika mashindano, mwaka 1988, na mwaka uliofuata huko Paris akawa mtu wa kwanza kutoka Asia kutwaa ubingwa wa dunia wa mchezaji mmoja mmoja. Enzi zake za mwanzo, sehemu ya alama ilitolewa kwa kuchora maumbo ya duara kwenye barafu kwa utulivu, kazi ambayo haikuwa nguvu yake, na ambayo iliondolewa katika mashindano ya kimataifa baada ya msimu wa 1990. Katika Olimpiki ya Albertville mwaka 1992 alianguka kwenye Axel ya mizunguko mitatu mapema katika programu ndefu, ile sehemu ya pili ya mashindano. Mwingine angeiacha. Yeye aliirudia karibu na mwisho, miguu ikiwa tayari imechoka, akaitua, akapata medali ya fedha. Kama huo si ufasaha wa kusema jambo kwa mwili, sijui ufasaha ni nini.

Bonaly, binti mweusi aliyezaliwa Nice, alitwaa ubingwa wa Ulaya mara tano mfululizo kuanzia 1991, na mara tatu akawa wa pili duniani. Mwaka 1994, huko Chiba nchini Japani, alishindwa na mwenyeji Yuka Sato kwa tofauti ndogo kabisa, akakataa kwanza kupanda jukwaani, kisha akaivua medali yake shingoni. Wengi walimlaumu kwa utovu wa adabu, na siwezi kusema kwamba kitendo kile kilikuwa cha kuigwa. Lakini mtu aliyeambiwa mwaka baada ya mwaka kwamba ana nguvu mno na urembo haba ana haki ya kuchoka. Katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, akiwa majeruhi na bila matumaini ya medali, alipiga sarakasi ya kinyumenyume, iliyokuwa imepigwa marufuku tangu miaka ya 1970, akatua kwa mguu mmoja. Marufuku ile ilikuja kuondolewa mwaka 2024, na sasa Malinin huipiga mbele ya waamuzi bila kukatwa alama.

Mahali pamoja namwunga mkono mdogo wako. Wapo warukaji wanaoteleza nusu ya uwanja wakijiandaa, wakisahau kabisa kwamba muziki unalia, ndipo waruke. Hao hata mimi hunichosha. Mshono mzuri hauonekani ulipoanzia. Mtazame Hanyu akiingia kwenye Axel ya mizunguko mitatu kutoka katika hatua za kucheza, kisha akatoka akiendelea kucheza kwa kasi ileile aliyoingia nayo. Hapo mtaona nyote wawili mnachokipenda, kila mmoja kwa jicho lake.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Arusha. Miruko yote naiona sawa. Nitaitofautishaje? Na je, ninaweza kujaribu mchezo huu bila kwenda Ulaya?
Mwanafunzi, Sakina, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usihesabu mizunguko, jicho halitakuwahi. Tazama miguu kabla ya kuruka. Akiruka akitazama mbele, hiyo ni Axel, na hapo umeshamaliza. Akiruka kinyumenyume, angalia kama mguu wa pili unachoma barafu kwa meno ya mbele ya bapa. Usipochoma, huenda ni Salchow, mruko wa Ulrich Salchow wa Uswidi, aliyekuwa bingwa wa dunia mara kumi. Ukichoma huku mguu unaotelezea ukiwa umelalia ukingo wa nje, na mchezaji anatoka katika mkunjo unaopingana na upande atakaozungukia, hiyo ni Lutz, na wengi huiharibu kwa kujisahau wakaangukia ukingo wa ndani dakika ya mwisho. Mengine yatakuja kwa mazoea.

Kuhusu kujaribu, barafu ya Kibo iache ilivyo. Imebaki kidogo, na haina usawa wa kutelezea. Uwanja wa barafu ulio jirani nasi ninaoufahamu ulifunguliwa Nairobi mwaka 2005, katika hoteli ya Panari iliyo Barabara ya Mombasa, nao ndio uliolea timu ya hoki ya Kenya. Mwombe mzazi apige simu hotelini kwanza ahakikishe siku na saa za kufunguliwa, kabla hamjakata tiketi ya basi la kupitia Namanga. Kwa sasa anza na viatu vya magurudumu kwenye sakafu laini, uvae kofia ngumu na vikinga magoti, na ujifunze kwanza kuanguka kwa ubavu.