Mbwa akija mbio upande wangu fokasi inabaki mkiani, shida nini?

Swali: Mkuu habari. Nampiga picha mbwa wangu akikimbia, akikatiza mbele yangu zinatoka shapu ila akija moja kwa moja kwangu unakuta mkia ndo uko shapu, uso umefifia. Shata 1/1000 ya sekunde, fokasi AF-S. Lenzi mbovu au ni mimi?

Jibu: Lenzi yako haina shida mkuu. Ni hiyo AF-S, ukibonyeza kitufe nusu kamera inapima mara moja inafunga hapohapo, sasa mbwa hasubiri mtu, unamalizia kubonyeza yeye keshasogea na fokasi imebaki alipokuwa. Akikatiza umbali haubadiliki sana ndo maana unapona. Na hiyo 1/1000 inagandisha mwendo tu, fokasi haiihusu.

Weka AF-C, kwenye Canon inaitwa Servo. Hapo kamera inapima bila kuacha, na utamu wake ni kwamba haifokasi mbwa alipo, inafokasi atakapokuwa. Kamera nyingi za sasa zina vijisehemu kwenye sensa vinavyolinganisha mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na uliopita upande wa pili, hizo pande mbili zisipolingana inajua papo hapo fokasi imeangukia mbele au nyuma na kwa kiasi gani, hakuna kupapasa. Ikipata vipimo kadhaa mfululizo inapiga hesabu ya mwendo wake alafu mota ya lenzi inatangulia. Na lazima itangulie, maana toka ubonyeze mpaka shata ifunguke kuna kamuda kanapita, tuseme sehemu ya 20 ya sekunde, mbwa wa mita 10 kwa sekunde keshakula nusu mita hapo!

Kimbembe ni akishafika karibu. Kutoka mita 20 mpaka 19 lenzi inajisogeza kiduchu sana, ila kutoka mita 4 mpaka 3 inabidi isogee zaidi ya mara 30 ya hapo kwa muda uleule, na huku eneo la kuwa shapu linazidi kuwa jembamba. Hata kamera za bei mbaya zinachemka hapa, kwaiyo zile fremu za mwisho mwisho usizililie.

Anza kumfuata angali mbali kabisa, shikilia kitufe nusu ili hesabu ipate pa kuanzia. Kama kamera ina kutambua macho ya wanyama iwashe, kama haina tumia eneo la fokasi la wastani, kapointi kamoja kadogo kwa mbwa anayeyumba utakuwa unajitesa bure. Kama unapiga f/1.8, yaani tundu la lenzi liko wazi sana, panda mpaka f/4 hivi ili eneo la kuwa shapu linenepe. Alafu ingia kwenye menyu uone AF-C imewekwa itangulize nini, kama ni kupiga basi itapiga hata fokasi haijakaa, wewe weka fokasi kwanza, utapata fremu chache kidogo ila nyingi zitakuwa za kutumika.