Je, barua ya babu ilifika London?

SWALI: Shikamoo Mzee. Katika kasha la marehemu babu, hapa Ngamiani, tumekuta karatasi mbili. Moja ni nakala ya kaboni ya barua ya mwaka 1937, kwa Kiswahili, inayokwenda kwa "Waziri wa Makoloni, London". Babu analalamika kwamba shamba la ukoo karibu na Muheza limeingizwa ndani ya mipaka ya mkonge. Ya pili ni jibu la mistari mitatu kutoka boma la Tanga: maombi yamepokelewa, Serikali haioni sababu ya kubadili uamuzi. Baba mdogo anasema barua haikuvuka hata bandari. Shangazi anaapa ilifika. Tumwamini nani, na je, inaweza kupatikana?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi masjala miaka 31, na swali lako limenifanya nilale nimechelewa.

Kwanza ujue kanuni ya wakati ule. Mtu wa koloni hakuwa na njia ya kumfikia Waziri moja kwa moja. Barua ilipaswa kupita kwa gavana, naye aipeleke pamoja na maoni yake. Hata ungeitia posta mwenyewe, London wangemrudishia gavana aitolee maelezo. Basi barua ya babu ilianza kwa karani wa boma, aliyeigonga muhuri na kuitafsiri. Bwana DC, mkuu wa wilaya, akaandika yake, ikaenda kwa Bwana PC, mkuu wa jimbo, ikashuka Sekretarieti, ofisi kuu ya serikali, Dar es Salaam, hadi mezani kwa gavana, Harold MacMichael. Kutoka hapo ndipo ingepanda meli kwenda kwa William Ormsby-Gore, aliyekuwa Waziri. Yaani ambao wangemweleza Waziri malalamiko ya babu ni walewale aliokuwa akiwalalamikia.

Sasa lisome tena lile jibu. Limesema "Serikali", halikumtaja Waziri. Katika barua za boma, Serikali maana yake Dar es Salaam. Barua ikiwa imejibiwa na London, kwa kawaida husemwa wazi kwamba Waziri ameyatafakari maombi. Hapo baba mdogo ana hoja, ingawa sijamhukumu shangazi bado.

Tazama namba iliyo juu ya jibu. Ya kabla ya mkwaju (/) aghalabu ni ya jalada, ya baada yake ni ya folio, yaani karatasi ndani ya jalada. Nenda nayo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, uombe majalada ya Sekretarieti na ya Tanga. Ukilipata, usikimbilie barua. Anza na madokezo. Humo ndimo maofisa waliambiana wasichomwambia babu yako.

Kisha linganisha Kiswahili cha babu na tafsiri iliyoambatishwa. Niliwahi kushika jalada moja la malalamiko ya ardhi ya mkoa wetu. Mlalamikaji aliandika kwa mkono, herufi moja moja, kwamba wamechukua "minazi arobaini na makaburi ya wazee wetu". Tafsiri ilisema "miti kadhaa". Makaburi hayakuwamo. Kila aliyetia sahihi baada ya hapo aliamua juu ya miti kadhaa. Nililifunga lile jalada nikatoka nje, sikuweza kuendelea siku ile.

Kwa upande wa London, barua za Tanganyika ziko Kew, kwenye Kumbukumbu za Taifa za Uingereza, katika kundi la CO 691 la Wizara ya Makoloni, linaloishia 1951. Nyingine ziliharibiwa kwa mujibu wa sheria zao, lakini rejista ya kuandikisha barua huweza kubaki na mstari mmoja: jina, tarehe, jambo. Mstari huo ungetosha kumpa shangazi ushindi.

Lakini usiishie 1937. "Uamuzi" unaotajwa huenda ni wa zamani zaidi. Mwaka 1895 Kaisari wa Ujerumani alitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola, na kamati za Wadachi, yaani Wajerumani, ndizo zilizopita kukata mipaka ya mashamba. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliyataifisha mashamba ya Wadachi kama mali ya adui, wakayauza. Mnunuzi alipokea mipaka ileile. Kwa hiyo omba pia karatasi za Kijerumani, ziko hapohapo Dar es Salaam. Utahitaji mtu anayesoma mwandiko wao wa kale, maana hata Mjerumani wa leo hukwama.

Karatasi za babu msizitie plastiki ya moto. Wekeni katika bahasha kavu, na Dar uende na nakala. Na kabla ya kusafiri, kaa na shangazi akutajie jina la kale la shamba, la kabla ya mkonge. Jalada litakuwa na jina la mwenye mkonge. Lile la kwenu pengine limo kwenye barua ya babu peke yake.