Kabla hujapigilia ubao wa kwanza ndani ya tela

Siku niliyoileta tela yangu ya boksi nyumbani, nilifungua milango ya nyuma, nikasimama pale na kuanza kupanga kichwani: kabati huku, meza ya kazi kule, betri pembeni, taa juu. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nimemaliza, na ilipendeza kwelikweli. Safari yake ya kwanza ya maana, kwenye mteremko mrefu, ikaanza kupiga mkia, yaani kuyumba kushoto na kulia nyuma ya gari. Mwanzoni taratibu, halafu kila mpigo ukawa mkubwa kuliko uliotangulia. Niliachia mafuta, nikaushika usukani wima bila kushindana nao, sikukanyaga breki kwa nguvu, na ikatulia. Mikono ilitetemeka mpaka tukafika tambarare.

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya siku ile ya kwanza nikiwa nimesimama mlangoni. Vitu vizito vyote nilivirundika nyuma kwa sababu mlango uko nyuma na ni rahisi kuvifikia. Ndiyo maana nakuomba, wewe unayetaka kuitengeneza tela yako, uanze na mizani. Keekee na msumeno vitakusubiri.

Tafuta kwanza kibati cha uzito. Mara nyingi kimepigwa ribiti upande wa mbele, karibu na mkono wa kuvutia. Kinakupa uzito wa juu unaoruhusiwa, yaani tela yenyewe pamoja na kila kilichomo. Changu kinasema kilo 1,350. Tela tupu ilikuwa kilo 620, kwa hiyo nilikuwa na kilo 730 za kutumia. Nilidhani hizo ni za mizigo. Sikufikiria kwamba kabati, meza, rangi, skrubu na waya nazo zinakula humohumo. Nilipoipeleka mizani ya magari bila mzigo wowote, na kabati zote zikiwa tupu, ilisoma 910. Kilo 290 zilikuwa zimeishia kwenye mbao na vyuma nilivyofunga mwenyewe.

Ubao mmoja mzima wa plaiwudi wa milimita 18, wa sentimita 122 kwa 244, una kilo 30 hivi. Wa milimita 12 una kama 20. Ukiweka unene wa 18 kila mahali kwa sababu tu unaonekana imara, kila ubao unakunyang'anya kilo 10 ambazo ungeweza kubeba kitu cha maana. Mimi siku hizi milimita 18 naiachia sakafu. Kuta zinatosha na 9, kabati zinatosha na 12, na sehemu za kabati zisizobeba kitu nazitoboa matundu makubwa.

Sasa uzito wa kichwani, yaani ule unaoangukia kwenye mpira wa kuvutia, lile tufe la chuma nyuma ya gari. Kwa tela za namna hii kanuni inayotumika sana ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela ikiwa na mzigo, bila kuzidi kiwango ambacho kitabu cha gari lako kinaruhusu. Ukiwa chini ya hapo, tela inapiga mkia. Ukizidi, nyuma ya gari inashuka na magurudumu ya mbele yanapoteza mshiko.

Kupima si kazi ngumu. Weka tela mahali tambarare, zuia magurudumu kwa kabari, ipakie kama unavyosafiri. Chukua mizani ya kawaida ya kujipimia mwili, simamisha juu yake kipande cha gogo chenye kimo cha mpira wa gari lako, kisha teremsha kichwa cha tela kwa jeki mpaka kikalie gogo. Soma, toa uzito wa gogo. Tela yangu ikiwa na kilo 1,300 kwa jumla, mizani ilisoma 58. Hiyo haifiki hata asilimia 5. Nilikaa pale chini nikiitazama ile namba, nikakumbuka ule mteremko.

Nilihamisha betri na sanduku la zana, jumla kama kilo 90, kutoka nyuma kabisa hadi mbele, umbali wa mita 3 hivi. Safari hii niliogopa kuivunja mizani, kwa hiyo nikalaza ubao mnene: mwisho mmoja juu ya mizani, mwisho mwingine juu ya kipande cha bomba, sentimita 90 kati yao. Kichwa cha tela nikakikalisha sentimita 30 kutoka kwenye bomba. Hapo mizani inabeba theluthi moja tu, basi unachokisoma, ukishatoa uzito ambao ubao wenyewe unauweka pale, unazidisha kwa 3. Nilipata karibu 150. Tangu hapo haijapiga mkia tena. Kama huna muda wa kupima kila safari, angalau hakikisha kiasi cha asilimia 60 ya mzigo iko mbele ya ekseli.

Baada ya uzito, adui wa pili ni maji, na huyu ana subira. Paa la tela ni bati jembamba linalotikiswa kila kilomita, na kila tundu unalolitoboa linalegea kidogokidogo. Nilipofunga paneli ya sola nilijaza silikoni ya kawaida kwenye matundu ya skrubu, nikaridhika. Msimu wa mvua ulipokwisha, plaiwudi ya kona moja ilikuwa laini kiasi kwamba kidole kilizama. Silikoni ilikuwa imebanduka ukingoni, nyembamba kama ganda la kitunguu, na maji yakipita chini yake. Ubaya mwingine ni kwamba silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani, hivyo ilinibidi niikwangue yote mpaka kwenye chuma. Ile inayonuka kama siki usiitumie kabisa kwenye chuma, asidi yake inaalika kutu.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Nasafisha bati kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Naweka utepe wa butili, ule mweusi unaonata kama ubani uliotafunwa, chini ya kila kibao cha kushikilia. Nakaza skrubu mpaka utepe uanze kutoka pembeni, kisha naacha. Juu yake napaka gundi ya kuzibia ya paa, ambayo hubaki inanyumbulika, hadi kichwa cha skrubu kisionekane. Kwenye bati la alumini natumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, na kati ya alumini na chuma cha kawaida siachi metali zigusane zikiwa uchi, maana pakiingia unyevu zinalana.

Kutafuta pa kuvuja kuna njia mbili. Mchana wa jua kali, jifungie ndani na utulie dakika chache. Macho yakizoea giza utaona vitone vya mwanga. Njia ya pili ni kumpa mtu bomba la maji huku wewe ukiwa ndani na tochi. Aanze kumwagia chini na kupanda polepole. Akianza juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi.

Kuna na maji yasiyotoka nje. Bati likipoa usiku, unyevu wa hewa ya ndani unagandamana juu yake na kudondoka, na wengi hudhani paa limevuja. Dawa yake ni hewa ipite: tundu moja la hewa chini na jingine juu, upande wa pili. Ubao wa povu wa milimita 25 kati ya nguzo za ukuta unasaidia pia, mradi ukate vizuri na kuziba viungio kwa utepe. Povu la kupuliza mimi silipendi ndani ya tela. Likishajaa nyuma ya ukuta, huwezi kufikia waya, na maji yakiingia hayana pa kutokea. Na kabla hujafunika ukuta wowote, upige picha ukiwa na futi ya kupimia kwenye fremu. Hizo picha nimezitumia zaidi ya zana yoyote niliyonunua, maana ndizo zinazonionyesha nguzo za chuma ziko wapi.

Na utazihitaji nguzo hizo unapofika kwenye kufunga mizigo. Ukweli mchungu ni kwamba skrubu iliyoingia kwenye plaiwudi peke yake haizuii kitu. Kanuni za kufunga mizigo, za Marekani na za Ulaya vilevile, zinataka mzigo uzuiliwe upande wa mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na pembeni kwa asilimia 50. Jenereta la kilo 100 linapofungiwa breki ya ghafla ni sawa na kilo 80 zinazosukuma mbele kwa pamoja. Reli za ukutani za kufungia mikanda zikazwe kwenye nguzo za chuma. Pete za sakafuni zipitishwe bolti mpaka chini, zishike taruma (boriti) la chuma, au angalau ziwe na kibati kipana upande wa chini, pamoja na nati ya kujikaza. Ukisoma lebo ya mkanda, angalia uzito wa kufanyia kazi, kwa kawaida theluthi moja ya uzito wa kukatikia. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwa mbwembwe mbele ya pakiti mara nyingi ni ya kukatikia.

Sakafu sina mengi. Ipake rangi ngumu ya poliurethani pande zote sita za ubao, kingo zikiwemo, maana plaiwudi hunywa maji kupitia kingo. Zulia la mpira ni zuri kwa miguu, ila linafungia unyevu chini yake. Ukiliweka, liwe la kunyanyuliwa.

Umeme nitausema kwa kirefu kidogo kwa sababu unaweza kuchoma kila kitu. Nilianza na betri mbili za asidi, kila moja kilo 28, na kwa kuwa betri hizo hazipendi kushushwa chini ya nusu, kilo 56 zilikuwa zinanipa kazi ya betri moja tu. Nilipozibadilisha kwa moja ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, ya ampea-saa 100, nilibeba kilo 12 hivi kwa mkono mmoja na kazi ilikuwa ileile. Bei yake inauma, lakini kwenye tela kilo ni mali. Jihadhari tu usiichaji ikiwa imeshuka chini ya nyuzi 0. Ukibaki na za asidi, zipe njia ya hewa kutoka nje, maana zikichajiwa hutoa haidrojeni.

Fyuzi kubwa ikae karibu na betri, sentimita 20 au pungufu, kwa sababu waya wote ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Waya unapopita kwenye tundu la chuma, livishe tundu hilo pete ya mpira. Mtikisiko wa barabara husaga ganda la waya kama msasa. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, ya wati 1,000 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 100, hivyo nyaya zake ziwe fupi na nene, milimita za mraba 25 au zaidi. Taa za LED hazihitaji hayo yote, milimita za mraba 2.5 zinatosha. Jenereta usiliwashe ndani hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una sumu ya kaboni monoksaidi, na sumu hiyo haina harufu ya kukuonya. Mafuta ya petroli nayo hayana mahali ndani ya boksi lililofungwa.

Haya yote ya juu yanabebwa na vitu vinne vya chini ambavyo hakuna anayevipiga picha. Matairi ya tela huzeeka kabla ya kwisha meno. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likifika miaka mitano au sita, mimi nalitoa hata likiwa zuri kwa macho. Upepo upimwe tairi likiwa la baridi. Beringi zifunguliwe na kutiwa grisi mpya kila mwaka, na unaposimama njiani gusa kila kikombe cha gurudumu kwa nyuma ya mkono: kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, usiendelee. Nati za magurudumu uzikaze upya baada ya kilomita 80 hadi 100 tangu ulipofungua gurudumu.

Kabati za zamani nilizibomoa zote. Niliunda upya kwa ubao wa milimita 12, fupi zaidi, zikiegemea ukuta wa mbele, na meza ya chuma niliyoipenda sana nikaitoa. Niliporudi mizani tela tupu ilisoma 775. Nimeandika namba hiyo kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa mlango wa kulia, pamoja na tarehe, na chini yake nimeacha nafasi. Nikifunga kitu kipya, hata rafu moja, nakipima kwanza na kuongeza mstari pale. Hadi leo mistari iko minne, na wa mwisho unasomeka 788.