Nafuu ya prednisoloni isikudanganye

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 52. Kipimo cha CT kilionyesha nyama ngumu nyuma ya tumbo, imebana mirija ya mkojo. Nikaambiwa ni fibrosisi ya retroperitonea. Nimewekewa mpira kwenye mrija, na hii ni wiki ya 5 natumia prednisoloni mg 40 kila asubuhi. Maumivu yameisha ila uso umekuwa mviringo. Shemeji anasema niache, kuna unga wa mitishamba wa kusafisha tumbo. Niache?

JIBU: Usiache, hata kwa siku mbili za kujaribu. Katika ugonjwa huu maumivu hutangulia kuisha; nyama inayobana mirija huchukua miezi kunywea, na nyingine hubaki kovu. Habari za figo zako utazipata kwenye kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) na picha ya marudio. Dozi kubwa hukaa kama mwezi, kisha hushushwa kidogo kidogo. Umefika hapo, kwa hiyo mwombe daktari wako akuandikie ratiba. Uso nao utapungua dozi ikishuka.

Kinachonichosha ni imani kwamba steroidi, kundi la dawa lenye prednisoloni, ni dawa ya maumivu, yakikatika unaiweka kando. Ukishaimeza zaidi ya wiki 3 hivi, tezi zilizo juu ya figo huzembea kutengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa. Ukikata ghafla unaweza kutapika, presha ikashuka, ukazimia. Malaria ikikukuta hapo, inaweza kukuua.

Na huo unga! Baadhi ya hizo “dawa za asili” zimekutwa zimechanganywa na deksamethasoni, ambayo nayo ni steroidi, ndiyo maana zinatuliza haraka. Ni biashara ileile ya vidonge vya kunenepa, vinavyohesabiwa kiganjani na kufungwa kwenye kikaratasi kisicho na jina. Muuzaji hakuulizi kisukari, homa ya ini B wala TB. TB ya tumbo inaweza kuleta uvimbe na maumivu yanayofanana na haya. Ukiipa steroidi peke yake, mgonjwa anachangamka wiki kadhaa huku vimelea vinasambaa. Kuna na minyoo ya strongiloidesi, ambayo kinga ikishushwa na steroidi huzaliana hadi kujaa mapafuni. Ndiyo maana hospitali hupima kwanza, hata kama mgonjwa anaona tunamchelewesha. Duka linalokuuzia prednisoloni bila kukuuliza chochote, usirudi.

Ule mpira pia una muda wake wa kubadilishwa. Uliza tarehe.