Mkono niliotanguliza chini

Swali lenu la wiki hii: majeraha katika michezo ya mapigano yanatokana na bahati mbaya au mbinu mbovu? Najibu kutoka Goma, nikiwa mtu wa judo tangu utotoni. Naona mara nyingi chanzo ni haraka ya mwalimu, na "bahati mbaya" ni maneno ya kumkinga asiulizwe.

Nilikuwa na miaka 14, wiki ya tatu ya mkanda mweupe, ule wa wanaoanza. Ukumbi wetu ulikuwa na saruji iliyomwagwa juu ya mawe ya volkano, kisha vipande vya godoro, kisha turubai. Kijana mkubwa kwangu akanipiga osoto-gari, ile ya kukufyeka mguu kwa nyuma. Nikatanguliza kiganja chini nijizuie. Uzito wangu na wake ukaishia kwenye mkono ulionyooka, kiwiko kikachomoka. Jioni baba akaambiwa, "Papa, ni bahati mbaya, mchezo ndivyo ulivyo." Akashukuru, akaniongoza nyumbani. Shukrani ile inaniuma hadi leo kuliko kiwiko.

Maana kuanguka kunafundishwa! Kidevu kifuani, kisogo kisiguse chini. Mgongo mviringo. Mkono mzima, si kiganja peke yake, unapiga turubai karibu na ubavu huku pumzi ikitoka. Hakuna aliyenionyesha. Sasa hiyo mbinu mbovu ilikuwa ya nani?

Japani kwenyewe, ambako Jigoro Kano aliasisi judo mwaka 1882, wanafunzi zaidi ya 100 walikufa kwenye judo ya shuleni kati ya 1983 na 2011. Wengi waliumia kichwa, wengi walikuwa ndio kwanza wanaanza, na osoto-gari imetajwa tena na tena. Vifo zaidi ya mia, wazazi wakiambiwa ni ajali. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1955 kwamba anayefundisha judo lazima awe na diploma. Sisi hapa, mwenye mkanda mweusi na chumba anafungua klabu.

Nakubali yapo yasiyozuilika na anayeumia. Mwaka 1980 Yasuhiro Yamashita, mchezaji wa judo hodari kuliko wote wa wakati wake, alivunjwa mguu na mpinzani wake Sumio Endo kwa kani-basami, mkasi wa miguu. Yamashita hakukosea chochote. Lakini mbinu hiyo baadaye ilipigwa marufuku mashindanoni, kwa hiyo hata pale palikuwa na la kufanya.

Siku hizi nasaidia wanaoanza, mtaa wa Majengo. Miezi miwili ya kwanza wanaanguka tu: wakiwa wamechuchumaa, kisha wamepiga magoti, kisha wamesimama. Baadhi ya wazazi hunijia wakilalamika kwamba wanalipa na mtoto bado hajamwangusha mtu. Nawaomba wavue viatu, wapande turubai, waguse kwa vidole wasikie jiwe lilivyo karibu.