Dar hadi Mbeya na mwenza wako: amueni kwanza, maua au barabara kavu?

Mkuu mleta uzi, umeuliza wewe na mkeo msimame wapi kutoka Dar hadi Mbeya kwa gari lenu dogo, mwezi wa sita, mkiwa na wiki moja, na mbuga za wanyama hamzitaki. Waliotangulia wamekupa vivutio vingi na vyote ni vya kweli. Mimi na shemeji yenu barabara hiyo ndiyo likizo yetu, kwa hiyo nitakuongezea kitu ambacho hawajakigusa: mwezi wa kusafiri. Huku Nyanda za Juu Kusini maua na barabara kavu havipatikani kwa wakati mmoja. Chagueni kimoja, halafu ndiyo mpange vituo.

Nasema hivyo kwa sababu ya Kitulo, ule uwanda wa maua wa huku juu. Kila mtu humu ameitaja, hakuna aliyesema inachanua lini. Maua ya kule ni ya msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Mkienda mwezi wa sita mtakuta nyasi zimekauka, upepo unakata masikio, na asubuhi umande umeganda juu ya majani. Uwanda wenyewe uko kwenye mita 2,600 hivi, si mahali pa kwenda na kandambili. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na kilicholindwa hasa ni mimea: aina kama 350, okidi peke yake zikiwa 45. Okidi hizo zilikuwa zinachimbwa mizizi na kuvushwa kwenda Zambia, ambako wanaipika na karanga kutengeneza chikanda. Ingeendelea vile, leo tusingekuwa na cha kuandika.

Na msitegemee kuyaona maua mkiwa ndani ya gari. Kutoka dirishani ni nyasi zenye rangi rangi tu, mtu anaweza kuuliza "ndiyo hii?" akataka kugeuza. Shukeni, muongozwe na askari wa hifadhi, mtembee taratibu. Shemeji yenu hupiga magoti kabisa kwenye nyasi mbichi. Okidi nyingine haizidi urefu wa kidole, lakini ukiinama karibu unaona petali ya chini ina vidoa vidogo vya zambarau, na mdudu yumo ndani anahangaika kutoka. Hapo hata mimi ambaye si mtu wa maua nilinyamaza.

Kuhusu njia: wengi wanapanda kutokea Chimala kwenda Matamba, kwenye zile kona zinazoitwa Hamsini na Saba. Kiangazi ni vumbi, mvua ikinyesha ni utelezi na korongo liko pembeni linakuangalia. Gari dogo liacheni chini, kodini gari la juu lenye dereva wa huko huko. Ni hela, ndiyo, lakini ni afadhali kuliko kununua sampuli mpya, ile bakuli ya oili chini ya injini, ikishatobolewa na jiwe.

Sasa kama likizo haisogei na mwezi wa sita ndiyo huo huo, fanyeni safari ya mawe. Sisi tuna utaratibu: kila siku mmoja anachagua kituo kimoja, mwingine haruhusiwi kulalamika. Yeye maua, mimi mawe. Kwa mwezi huo mimi ndiye ninayeshinda.

Mkitoka Ruaha Mbuyuni, baada ya ile mibuyu na wauza vitunguu, mtapanda mlima Kitonga. Msishindane na malori. Mkishapita Ilula, kabla ya Iringa, kuna mnara wa Lugalo. Watu wanaupita wakiwa kasi. Hapo ndipo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walipolivamia jeshi la Wajerumani, na kamanda wao Emil von Zelewski akafia hapo hapo. Dakika kumi zinatosha. Hadithi yote mtaimalizia Kalenga, nje kidogo ya Iringa, kwenye makumbusho lilipo fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954.

Iringa lalieni. Kuleni Neema Crafts, mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi, unaagiza kwa kuandika au kwa ishara, na kwa wapendanao ni burudani maana mtajikuta hata ninyi wawili mnaongea kwa mikono. Jioni pandeni jiwe la Gangilonga muuone mji.

Lakini kituo ambacho nisingekubali mkiruke ni Isimila, kama kilometa 20 kutoka mjini kuelekea Mbeya. Nendeni mapema, saa sita jua la kule korongoni halina huruma. Kuna minara ya udongo iliyochongwa na maji, mingine inawapita kimo mara kadhaa, na kila mtu anaipiga picha. Sawa, pigeni. Ila kwangu utamu uko kwenye zana za mawe zilizolala chini, pale pale. Mwombeni mwongozaji awaonyeshe shoka la mkono moja kwa karibu. Upande mmoja ni mnene, umejaa kiganja, upande wa pili umemenywa vipande vipande hadi ukawa ukingo, na kila kovu la pigo linaonekana. Aliyelitengeneza alijua anachofanya. Umri wa vitu hivyo hutajwa kuwa kati ya miaka 60,000 na 300,000.

Mafinga hadi Makambako piteni tu, isipokuwa mnataka chai ya Mufindi, nayo inahitaji siku yake. Tena kwenye vijiji vibao vya 50 viheshimiwe, tochi ya trafiki ya kupima mwendo haijali kwamba mko fungate.

Mkifika Mbeya, siku moja ni ya Tukuyu: Daraja la Mungu na Kijungu pale Kiwira. Kwenye daraja mwamba umeacha tao juu ya mto, maji yanapita chini yake; Kijungu ni shimo la mwamba kama chungu kwenye mto huo huo. Ni eneo la jirani na chuo cha magereza, kwa hiyo jitambulisheni kwanza, simu ibaki mfukoni mpaka mruhusiwe kupiga picha. Siku nyingine ni ya kimondo cha Mbozi, upande wa Tunduma. Ni chuma kitupu kutoka angani, urefu zaidi ya mita tatu, uzito hutajwa kuanzia tani 12 hadi 16. Upande wenye ncha una mikato ya watu waliotaka kuondoka na kipande.

Kama siku zitabaki, shukeni Matema kwenye Ziwa Nyasa. Kule ni joto, mtavua masweta. Pale jirani, kijiji cha Lyulilo, wanauza vyungu vya Wakisi, vinavyoletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Vinunueni siku ya kuondoka na mvifunge kwa kanga, kisha viwekwe miguuni pa abiria. Kwenye buti havifiki hata Uyole, pale mnapoingia Mbeya.