Barua kwa mwanangu: Mbwa asiyejua kusema basi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu. Unasema wajukuu zangu hawakupi usingizi, wanataka Labrador. Unasema kila unayemuuliza anakwambia ni mbwa mpole, anapenda maji, hana shida. Na kwa kuwa mnakaa karibu na ziwa, na mimi nilimfuga Tope, Labrador wetu, kwa miaka 12, unaniuliza: "Baba, nimchukue? Na nikimchukua, nimtunze vipi?"

Mchukue. Ila hayo maneno "hana shida" yafute kichwani. Mpole ni mpole kweli. Maji anayapenda kuliko unavyofikiri. Tatizo ni kwamba Labrador hana breki. Hajui basi ya chakula, hajui basi ya maji, hajui basi ya mpira wala ya kurukia wageni mlangoni. Wa kusema basi utakuwa wewe, kila siku, kwa muda wa miaka 10 hadi 12 au zaidi. Kama huna moyo huo, chukua paka, na sitakucheka.

Unakumbuka Tope alivyopata jina? Siku tuliyomleta, kabla hata hatujamwonyesha pa kulala, alikuta dimbwi nyuma ya nyumba akajilaza humo kama nyati. Tulikuwa tumenunua mbwa wa njano. Alipoingia ndani, mama yako akauliza nani katuletea huyu wa kahawia.

Hayo mapenzi ya maji yamo mwilini mwake. Mtazame mkia: mnene kwenye shina, unachongoka kuelekea ncha, wafugaji huufananisha na wa fisi maji. Ndio usukani wake akiogelea. Kati ya vidole ana utando. Manyoya yake ni tabaka mbili, la juu fupi na gumu, la chini laini na limeshonana, na yana mafuta kiasi kwamba maji hayafiki kwenye ngozi upesi. Mababu zake walikuwa mbwa wa wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland, ambacho leo ni sehemu ya Kanada. Walikuwa wakiwarudishia wavuvi samaki waliochomoka kwenye ndoano na kuvuta kamba za nyavu katika maji ya baridi kali. (Jina basi limekosewa: Labrador ni ile nchi kavu iliyo ng'ambo ya kisiwa hicho.) Katika karne ya 19 Waingereza waliwachukua wakawafundisha kuokota ndege waliopigwa risasi, na mwaka 1903 Kennel Club, chama cha wafugaji wa mbwa cha Uingereza, kikamtambua Labrador kama aina kamili. Kwa mvuvi wa zamani, mbwa asiyechoka kuingia majini alikuwa mali. Kwako wewe mwenye zulia sebuleni, ni habari nyingine.

Nianze na chakula, maana hapo ndipo mimi niliharibu. Dume wa Labrador aliyekomaa anatakiwa awe kama kilo 29 hadi 36, jike kilo 25 hadi 32. Tope akiwa na miaka minne alifika kilo 43. Daktari wa mifugo alimpapasa mbavu, akanitazama, akauliza, "Nani anamlisha?" Nikajibu mimi. Kumbe na mama yako alikuwa anamlisha, na wewe ulikuwa ukimpenyezea mkate chini ya meza, na kila mmoja wetu alikuwa ameamini yale macho yake kwamba hajala tangu jana.

Yale macho hayakuwa yakidanganya, nimekuja kujua baadaye. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba takriban Labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro katika jeni iitwayo POMC, ambayo kazi yake mojawapo ni kuuambia ubongo kwamba mwili umeshiba. Mwaka 2024 wakaongeza kwamba mbwa wenye kasoro hiyo husumbuliwa na njaa kati ya mlo na mlo, na wakiwa wamepumzika miili yao hutumia nguvu pungufu kwa kama asilimia 25. Yaani ana njaa zaidi na anahitaji kidogo zaidi. Mtu ungemhurumia. Mhurumie, lakini usimwongeze.

Nunua mizani ya jikoni upime chakula chake kwa gramu, si kwa kikombe, maana kikombe cha mtoto mwenye huruma kina kilima juu. Mpe mara mbili kwa siku. Biskuti za mafunzo zitoke ndani ya kipimo hicho hicho. Kila wiki mpitishie viganja ubavuni: mbavu uzihisi bila kukandamiza, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ambao huwa naurudia kwa kila mwenye Labrador. Walichukua Labrador 48, ndugu wa tumbo moja wawili wawili, mmoja akapewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake maisha yao yote. Waliopunguziwa waliishi kama miaka 13, wenzao kama miaka 11.2, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Karibu miaka miwili, mwanangu, bila dawa yoyote. Sisi Tope tulimrudisha kwenye kilo 35 kwa miezi minane, na hiyo miezi minane mama yako aliniona mimi ndiye katili wa nyumba.

Na kwa kuwa anameza chochote, zabibu mbichi na kavu, vitunguu, chokoleti, na pipi au chingamu zenye utamu wa zailitoli zikae juu asikofika. Ni sumu kwa mbwa. Soksi si sumu, lakini Tope alimeza moja na ikatugharimu upasuaji.

Sasa maji. Hapa unisome polepole, kwa sababu ziwa liko mlangoni kwenu na watoto bado wadogo.

Ingawa amezaliwa kwa ajili ya maji, mara ya kwanza mpeleke mahali pa kina kifupi, maji yasiwe ya baridi sana, aingie kwa miguu yake mwenyewe. Usimrushe hata siku moja. Mvalishe jaketi la kuelea mpaka ajue kuogelea bila kupiga maji kwa miguu ya mbele kama anayetwanga, na penye mkondo au mkiwa kwenye mashua avae daima hata akiwa bingwa. Mfungie kamba ndefu mpaka atakapokuja akiitwa, kwa sababu Labrador akimwona bata hasikii tena akiitwa.

Hatari ambayo watu hawaijui ni mchezo wenyewe wa kurusha na kuleta. Kila anapofumbua kinywa kudaka mpira majini anameza maji. Ukirusha mara hamsini, amemeza mengi mno, chumvi ya damu inazimuliwa, na ubongo unaweza kuvimba. Ukimwona anayumba, anatapika, mate yanamtoka, tumbo limejaa na macho yamelegea baada ya kuogelea, usisubiri asubuhi, mkimbize kwa daktari wa mifugo. Mimi nilikuwa namruhusu Tope kama dakika kumi hivi, kisha namtoa apumzike kivulini, na kitu cha kurushwa kiwe chembamba, ili akikidaka ameze maji machache, si mpira mkubwa. Yeye hakuwahi kutoka kwa hiari. Hata siku moja, katika miaka 12.

Bahari ni hivyo hivyo, na chumvi juu yake: beba maji ya kunywa asije akanywa ya bahari, na mkirudi mwoshe kwa maji matamu. Ziwa likiwa limetulia na limefunika utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, geuzeni mrudi nyumbani. Kuna aina ya mwani wa namna hiyo ambao sumu yake huua mbwa kwa saa chache, na yeye hujilamba manyoya hata kama hakunywa.

Siku moja baada ya kuogelea maji ya baridi Tope aliamka mkia umening'inia kama kamba iliyolowa. Nilidhani umevunjika. Daktari akasema ni misuli ya mkia imechoka, jambo la kawaida kwa Labrador, akampa dawa ya maumivu na siku chache baadaye ukaanza kutikisika tena. Nakwambia mapema ili usishtuke kama mimi, ila mwonyeshe daktari.

Kuhusu watoto. Labrador ni mvumilivu, na kinywa chake ni laini, anaweza kubeba yai asilivunje. Lakini mkia wake unamwangusha mtoto wa miaka miwili kama ufagio, na mpaka afikishe miaka miwili au mitatu yeye mwenyewe ni mtoto mwenye mwili wa mtu mzima. Mtoto mdogo na mbwa wasiachwe peke yao, hata awe mpole vipi. Majini ndiyo kabisa. Usije ukadhani mbwa atakulindia watoto ziwani. Mbwa anayeogelea humwendea mtu na kumparamia mabegani, kucha zinachana ngozi, na mtoto anazamishwa na rafiki yake. Watoto waogelee zamu yao, mbwa zamu yake.

Utunzaji mwingine ni mwepesi. Masikio yake yamelala, hivyo maji yakibaki ndani yanachacha: kila akitoka majini yakaushe kwa kitambaa laini, na ukisikia harufu mbaya au ukimwona anakuna na kutikisa kichwa, nenda kwa daktari. Sabuni mara chache tu, inaondoa yale mafuta ya manyoya. Brashi mara mbili kwa wiki, na manyoya yanapopukutika kwa wingi, kila siku. Utayakuta kwenye chai, utazoea. Mazoezi saa moja hadi mbili kwa siku akishakomaa. Akiwa mdogo usimkimbize nyuma ya baiskeli wala kumrusharusha ngazi, viungo vyake bado vinajengeka.

Kabla ya kununua, muone mama yake, umuone alivyo na wageni. Muulize mfugaji majibu ya picha za eksirei za nyonga na viwiko vya wazazi wote wawili, uchunguzi wa macho, na kipimo cha ule ugonjwa unaofanya Labrador mzima kabisa aishiwe nguvu za miguu ya nyuma baada ya dakika chache za kukimbia kwa kasi. Jeni yake ilijulikana mwaka 2008 na inapimwa. Mbwa mwenye ugonjwa huo akiishiwa nguvu katikati ya ziwa anazama, kwa hiyo kwenu hicho si kipimo cha hiari. Mfugaji akikasirika ukimuuliza, umeshapata jibu.

Rangi waachie watoto wachague kati ya nyeusi, njano na kahawia. Kama watakuwa hawana la kugombania, waambie kwamba katika utafiti mmoja wa Uingereza wa mwaka 2018 wale wa kahawia walionekana kuishi muda mfupi kidogo na kuumwa masikio na ngozi zaidi. Wataendelea kumtaka wa kahawia.

Nitumie picha za vyeti vya vipimo hivyo kabla hujalipa. Msalimie mkwe wangu, mwambie zulia alikunje. Taulo za Tope bado ninazo, saba. Mama yako anadai zinanuka mbwa na mimi nasema zimefuliwa, kwa hiyo njoo uzichukue kabla hajashinda.

Baba yako